Likizo kwa umri wa mtoto: mwongozo wa familia inayolea Ujerumani

Kwa miaka kama minne hivi, likizo za nyumba yetu zilipangwa na bei ya tiketi. Ikishuka tunanunua, ikipanda tunanuna. Ndiyo maana jino la kwanza la binti yetu liling'okea uwanja wa ndege wa Doha, saa tisa usiku, likapotelea chini ya viti. Na ndiyo maana mdogo wake aliachia mikono na kutembea siku ya kumi na moja baada ya sisi kuondoka Tanga. Bibi yake alikuwa amemshika mikono ile mwezi mzima barazani, akimwimbia "simama dede". Hatua zenyewe akaja kuziona kwenye simu, tena mtandao unakatika.

Tangu hapo tumegeuza utaratibu. Tunaanza na umri wa mtoto, inafuata kalenda ya shule, na bei ya tiketi inakuja ya tatu. Naandika kwa mazoea ya Hamburg, tunakoishi. Ukiwa Bavaria tarehe zitabadilika, ukiwa Uholanzi majina ya ofisi yatabadilika, ila mpangilio ni huu huu.

Hatua ya 1: Andika mambo ya mtoto kwanza, safari baadaye

Chukua karatasi moja kwa kila mtoto. Andika yale unayoyatarajia ndani ya miaka miwili ijayo: arobaini, jino, kutembea, kuanza chekechea, kuogelea, kuanza shule, tohara, komunyo ya kwanza, kumaliza juzuu, chochote ambacho kwenu kina uzito. Mbele ya kila jambo andika jina la mtu ambaye ungependa awepo. Jina hilo ndilo litakaloamua nani apande ndege, ninyi au yeye.

Utaona mambo yanagawanyika yenyewe. Jino na hatua za kwanza havingoji mtu. Hayo ni ya simu na daftari, usijisumbue kuyapangia tiketi. Lakini tohara unachagua siku mwenyewe, na siku ya kwanza ya shule hujulikana mapema sana. Hayo ndiyo ya kuyajengea safari.

Kwenye karatasi hiyo hiyo ongeza tarehe za daftari la njano. Kila mtoto anayezaliwa Ujerumani hupewa daftari la uchunguzi, ndugu wa kadi yetu ya kliniki, lenye vituo kuanzia U1 siku ya kuzaliwa hadi U9 anapokaribia kuanza shule. Vya mwanzo vimebanana. Baadaye U6 ni kati ya mwezi wa 10 na wa 12, U7 kati ya 21 na 24, U7a kati ya 34 na 36, U8 kati ya 46 na 48, na U9 kati ya 60 na 64. Kila kituo kina dirisha lake, na wiki sita za Tanga zinaweza kumeza sehemu kubwa ya dirisha hilo. Panga miadi na daktari wa watoto kabla ya kulipia tiketi, kwa sababu madaktari wenyewe wamejaa.

Hatua ya 2: Makaratasi, na yaanze mtoto akiwa bado mchanga

Hapa sitarefusha, ila usiruke kitu.

Cheti cha kuzaliwa omba nakala ya lugha nyingi pamoja na ile ya Kijerumani. Hugharimu hela kidogo na hukuokoa tafsiri za kulipia.

Kama mtoto ana pasipoti ya Tanzania au Kenya peke yake, anahitaji kibali chake cha ukaazi. Sheria inataka maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu kuzaliwa. Sisi tulidhani kibali cha mama kinamfunika mtoto mgongoni kama mbeleko. Kwenye kaunta ya ndege, tukiwa tunarudi Ulaya, tukaambiwa mama na baba wapande, mtoto abaki. Tulimaliza siku mbili tukikimbizana na ubalozi. Kadi ya mtoto iwe mkononi kabla ya safari ya kwanza.

Mtoto anaweza kuzaliwa akiwa Mjerumani hata kama wazazi wote wawili ni wageni, iwapo mmoja wao ameishi Ujerumani kihalali miaka 5 na ana haki ya kukaa bila kikomo. Zamani ilikuwa miaka 8; sheria ilibadilika Juni 2024. Pasipoti ya Kijerumani kwa walio chini ya miaka 24 ni yuro 37.50 na hudumu miaka 6. Ile pasipoti ya watoto ya bei nafuu, ambayo wengi bado wanaiulizia, iliacha kutolewa mwanzo wa 2024. Kwa Wakenya uraia pacha unaruhusiwa tangu Katiba ya 2010. Kwa sisi Watanzania, mtoto anaweza kuwa na uraia wote wawili hadi afike miaka 18, kisha sheria inamtaka achague. Mweleze mapema. Ni jambo baya kijana kulisikia kwa afisa dirishani.

Mkumbuke pia kwamba mtoto anayeingia Tanzania kwa pasipoti ya Kijerumani analipiwa viza, dola 50, kama Mjerumani mwingine yeyote. Akienda Zanzibar na pasipoti hiyo, tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima.

Mzazi akisafiri peke yake na watoto, abebe barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake yenye nakala ya pasipoti yake, pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Kwetu ni muhimu zaidi, maana mke habadili jina la ukoo na mtoto anaitwa kwa jina la babake. Kwa afisa wa mpaka, mama Juma na mtoto Salim hawana uhusiano wowote mpaka karatasi iseme.

Na kwa mama anayetaka kukaa nyumbani muda mrefu akiwa kwenye likizo ya uzazi: ukizidisha miezi sita nje ya Ujerumani, kibali cha kawaida hufa chenyewe. Ukihitaji zaidi, omba ruhusa ya ofisi ya wageni kabla ya kuondoka.

Hatua ya 3: Safari ya kwanza ya nyumbani, kabla hajafika miaka miwili

Nimejaribu mwezi wa tano, wa kumi na tatu na wa ishirini na tatu. Wa kumi na tatu ulikuwa mtamu kuliko yote, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni chanjo. Chanjo ya surua Ujerumani huanza mwezi wa 11, na daktari anaweza kuiwahisha hadi wa 9 kwa ajili ya safari. Ya homa ya manjano nayo huanzia miezi 9. Tanzania huidai cheti hicho ukitokea, au ukipitia kwa zaidi ya saa 12, nchi yenye ugonjwa huo. Kwa hiyo wanaopanga kulala kwa shangazi Nairobi kabla ya kuvuka Namanga wahesabu hilo.

Ya pili ni nauli. Mtoto chini ya miaka 2 hukaa mapajani na kulipiwa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka 2 mkiwa bado nyumbani, wakati wa kurudi mashirika mengi yatamdai kiti. Ile safari yetu ya mwezi wa 23 ilianguka humo humo, tukalipa.

Omba kitanda cha ukutani siku hiyo hiyo unayonunua tiketi, si kwenye kaunta. Vipo vichache na vina kikomo cha uzito, kwa kawaida kama kilo 10 au 11. Mtoto wa uji wa lishe aliyenenepa vizuri anaweza kukataliwa. Beba khanga mbili mkononi: moja ya kumfunikia, moja ya kutandika sakafuni uwanjani. Mbeleko uwanja wa ndege inashinda kigari. Mikono yako inabaki huru kwa pasipoti.

Kuhusu zawadi nitasema neno moja na lisinukuliwe na wifi zangu: kilo 23 za mzigo wa mtoto ni za mtoto.

Hatua ya 4: Isome kalenda ya shule kama unavyoisoma tiketi

Mtoto akishaanza darasa la kwanza, mambo yanageuka. Shule Ujerumani ni wajibu wa kisheria, na kumtoa mtoto siku tatu kabla ya likizo ili kupata tiketi ya bei chee ni kosa lenye faini. Si vitisho vya mdomo. Mwaka 2018 polisi wa Bavaria walizikuta uwanjani familia zilizowahi kuondoka kabla ya likizo ya Pentekoste, na habari ikazunguka nchi nzima. Ukiwa na sababu ya kweli, kama msiba, mwandikie mwalimu mkuu kabla ya kuondoka. Kwa Idi hapa Hamburg mwanafunzi Mwislamu anaweza kuruhusiwa siku hiyo, jambo lililomo kwenye mkataba uliosainiwa 2012 kati ya jiji na jumuiya za Kiislamu. Lakini ni siku ya Idi, si wiki ya Idi.

Kila jimbo lina tarehe zake. Sisi Hamburg tuna wiki sita za kiangazi, wiki mbili Machi, wiki mbili Oktoba, Krismasi, na mapumziko ya Mei. Zipange hivi dhidi ya majira ya nyumbani:

Machi inaangukia mwanzo wa masika. Usiipeleke Tanga. Ibaki ya safari za karibu.

Kiangazi ni kipupwe kwetu: hewa imepoa, usiku unahitaji shuka, watoto hawaungui. Hii ndiyo likizo ya nyumbani. Tiketi ni ghali, ndiyo. Nunua mara tu kalenda ya jimbo inapotolewa. Hutangazwa miaka kadhaa mbele, huna sababu ya kungoja.

Oktoba inatosha kwa dharura ya kifamilia, harusi au kumwona mgonjwa. Wiki mbili ukitoa siku nne za njiani zinabaki kumi.

Desemba ni ya moyo zaidi kuliko ya mfuko. Kila mtu anarudi, basi za Tanga zimejaa, na joto la kaskazi litamtoa vipele mtoto aliyetoka kwenye theluji. Tulikwenda mara moja. Joto lilitushinda nguvu, hatujarudia.

Hatua ya 5: Usizidharau safari za hapa hapa

Kuna wazazi wanaohifadhi kila senti na kila siku ya likizo kwa ajili ya nyumbani, miaka inakatika, mtoto wa Hamburg hajawahi kuona kitu nje ya mtaa wake. Nilikuwa mmoja wao. Kosa langu ni kudhani kwamba safari ya hapa haina chetu ndani yake.

Anza na kuogelea, kwa sababu bila hilo bahari zote mbili, ya huku na ya kule, zimefungwa. Mimi nilijifunza Raskazone, Tanga, kwa kusukumwa na kaka zangu. Ujerumani kuna cheti kinaitwa Seepferdchen, yaani farasi-bahari mdogo. Mtoto anaruka majini kutoka ukingoni, anaogelea mita 25, anaokota kitu chini penye maji ya kumfika mabegani, na anaeleza kanuni za usalama. Foleni ya kozi ni ndefu, basi mwandikishe akiwa na miaka 4 ili akifika 5 apate nafasi. Kile kitambaa chenye picha ya farasi hushonwa kwenye nguo ya kuogelea. Kwa mtoto wa huku ni tukio kubwa kuliko birthday. Binti yetu alikipata Mei, na Julai akaingia Bahari ya Hindi mbele ya wajomba zake akiwa amekivaa kama nishani. Hapo sasa ndiyo maana ya kupanga: jambo la huku likafungua jambo la kule.

Safari ya pili: bahari iliyokupwa. Cuxhaven, mdomoni mwa mto Elbe, bahari huondoka mara mbili kwa siku na kuacha uwanda wa tope hadi macho yanakoishia. Eneo hilo liko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2009. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kupwa na kujaa, na bado nakuomba uchukue kiongozi wa njia. Kule maji hurudi kwanza kupitia mikondo iliyo nyuma yako, ukungu hushuka ghafla, na watu hufa. Kwa watoto chini ya miaka 8 saa moja inatosha, wakitafuta minyoo na kaa. Wakubwa wanaweza kwenda hadi kisiwa cha Neuwerk. Beba soksi kuukuu za kuvaa topeni, maana makombe yanakata. Ndipo nilipomfundisha mwanangu neno bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa kwa bahari, na alilielewa kwa miguu.

Ya tatu ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: Berlin, Museum für Naturkunde, yaani makumbusho ya viumbe na maumbile. Peleka mtoto akiwa na miaka 6 au 7, umri ambao kila mtoto ni bingwa wa dinosaria. Ukumbini amesimama Giraffatitan, urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani, na mifupa yake karibu yote imetoka Tendaguru, Lindi. Nyumbani tunamwita mjusi wa Tendaguru, na Bungeni ameshajadiliwa zaidi ya mara moja, arudi au asirudi. Alichimbwa kati ya 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuiacha nchi ile na njaa. Mamia ya watu wa kusini ndio waliochimba, na mizigo ikabebwa vichwani hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru akapewa jina kwa heshima yake: Australodocus bohetii.

Kabla ya kwenda, mwonyeshe mtoto Lindi kwenye ramani. Mkifika, mwache kwanza ashangae ukubwa. Historia isubiri mpaka mketi mle mikate yenu. Wangu aliuliza swali moja tu: "Sasa mbona yuko huku?" Jiandae nalo. Mimi sikuwa nimejiandaa, nikamwambia hadithi ndefu ya meli, na akaniambia hajauliza amekujaje.

Gharama za safari hizi si kubwa. Kwenye treni za Deutsche Bahn walio chini ya miaka 6 hawalipi, na wa 6 hadi 14 husafiri bure na mzazi kwenye treni za masafa marefu wakiandikwa kwenye tiketi yake. Kulala, tafuta Jugendherberge. Ni hosteli ambazo ukiwa na uanachama wa familia unapata chumba chenye vitanda vya ghorofa na kifungua kinywa. Ya kwanza kabisa ilifunguliwa 1912 kwenye ngome ya Altena, na watoto wakisikia wanalala kwenye ngome, hawatauliza hoteli ina nyota ngapi.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza ya shule, mlete bibi

Kama kuna siku moja ya kumkatia bibi tiketi, ni hii. Wajerumani huifanya sherehe kamili. Mtoto anavaa vizuri, kunakuwa na hafla ukumbini, na mkononi anabeba Schultüte, koni kubwa la karatasi linalokaribia urefu wake, limejaa peremende, kalamu na vizawadi. Asiye nalo ataonekana uwanja mzima. Hamburg darasa la kwanza huanza siku chache baada ya wengine kufungua, kwa hiyo msirudi kutoka nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo mkiwa na usingizi wa ndege.

Utaratibu wa kumleta bibi ni huu. Januari au Februari, nenda ofisi ya wageni ukaandike ahadi ya kumgharamia, Verpflichtungserklärung, ada yuro 29. Wataangalia mshahara wako na ukubwa wa nyumba. Karatasi halisi itume kwa mtu, si picha ya simu. Bibi anahitaji bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, pasipoti yenye muda, na ushahidi kwamba ana cha kumrudisha: shamba, nyumba, pensheni, wajukuu wengine. Maombi yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Ada ya viza ni yuro 90. Miadi huchelewa, na msimu wa kiangazi ndio mbaya zaidi.

Mpe bibi kazi. Wageni wengi wazee huumwa upweke mchana, watu wameenda kazini, luninga inaongea Kijerumani. Mama yangu alikuja na doti ya khanga, akaikata, akalivika lile koni la karatasi kitambaa chake, maneno ya khanga yakizunguka mdomoni. Ndani tukatia kashata na visheti pamoja na peremende za dukani. Asubuhi ile wazazi wa Kijerumani walikuwa wanauliza limenunuliwa wapi. Bibi, asiyejua neno hata moja la Kijerumani, alielewa swali kabla sijalitafsiri.

Kama viza imenyimwa, na hutokea, usifute siku. Ujerumani iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja majira ya kiangazi na saa mbili baridi, hivyo hafla ya asubuhi inamkuta bibi ameshakunywa chai. Mpe mtu mmoja asiye mzazi kazi ya kushika simu. Mzazi anayerekodi hapati kula, hacheki, na anarekodi kisogo cha mtu mwingine.

Jambo la pembeni kuhusu saa. Mtoto hujifunza kusoma saa shuleni akiwa na miaka 7 hivi, na ndipo mtagundua ana saa mbili kichwani. Wangu alimsahihisha bibi kwa heshima zote: "Bibi, si saa moja, ni saa saba." Mfundishe mapema kwamba Kiswahili kinahesabu kuanzia jua linapochomoza. Mweleze mkiwa nyumbani, jua lenyewe likiwa shahidi.

Hatua ya 7: Wiki sita za nyumbani

Malaria kwanza. Sisi tuliokulia Tanga tuna ugonjwa wa kuisema malaria kama mafua. Mtoto aliyezaliwa Hamburg hana kinga yake, na yako wewe imepungua tangu uondoke. Wiki sita kabla ya safari mwone daktari wa tiba za safari kuhusu dawa ya kinga kwa uzito wa mtoto. Bima nyingi za afya hurudisha gharama za chanjo na dawa hizo, tunza risiti. Chandarua kimoja kwa kila kitanda, hata kama mwenyeji anasema mbu hamna. Bima ya afya ya kawaida ya Ujerumani haivuki hadi Tanzania. Nunua ya safari ya familia nzima na usome inafunika siku ngapi kwa safari moja.

Lugha ndiyo faida kubwa ya wiki sita, na haiji ndani ya mbili. Wiki ya kwanza mtoto ananyamaza. Ya pili anajibu Kijerumani. Ya tatu anagombana, na ugomvi ndio shule: hakuna mtoto anayekubali kunyang'anywa baiskeli kwa kukosa neno. Kabla hamjafika zungumza na binamu zake wakubwa. Atasema "mtu kubwa" na "gari zuri ile", watamcheka, watamwita Mzungu. Kicheko kimoja si kitu, cha kumi kitamfunga mdomo hadi mrudi. Nasi tulimpa wajibu binamu mmoja wa rika lake, wa kumsahihisha kwa sauti ndogo. Ilifaa kuliko kozi.

Shikamoo aifanyie mazoezi ndani ya ndege. Wazee watasamehe ngeli, shikamoo hawaisamehe.

Tohara, kama mmeiacha ifanyike nyumbani, iwe wiki ya kwanza au ya pili, hospitalini, kwa daktari. Baadhi yetu huisogeza hadi mwisho ili mtoto acheze kwanza, kisha wanapanda ndege na kidonda kibichi, saa kumi na tano za kukaa. Na mtoto asiahidiwe bahari wiki hiyo. Kwa upande wa wasichana hakuna cha kupanga: ukeketaji ni jinai Ujerumani hata ukifanyika nje ya nchi, na Tanzania ni jinai pia. Akitokea shangazi wa kulitaja, mtoto asilale nyumba hiyo.

Hatua ya 8: Kurudi, na kuweka kumbukumbu

Sanduku la kurudi lina sheria zake. Nyama na vitu vya maziwa haviingii Umoja wa Ulaya, hata kama ni samli ya bibi. Samaki wakavu na dagaa wanaruhusiwa hadi kilo 20. Embe, machungwa na mboga vinahitaji cheti cha afya ya mimea tangu Desemba 2019, ila nazi, ndizi, nanasi na tende vimesamehewa. Kagua mifuko ya watoto wenyewe: matumbawe waliyookota ufukweni yanalindwa kimataifa, na forodha hawacheki.

Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, mtoto aonekane siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe Tanzania. Usingoje aulize.

Kumbukumbu tunazo za aina nne tu, nyingine zote zilitushinda. Sauti: kila mtoto anarekodiwa dakika mbili kwa Kiswahili siku ya kuzaliwa kwake, akijibu maswali yale yale kila mwaka. Daftari moja la mkono, tarehe na sentensi moja, basi. Picha zikae mahali pawili, kimojawapo kikiwa nyumbani kwa dada yangu.

Na mwimo wa mlango wa jikoni kwa bibi, Tanga, tunakopima urefu wao kila wakifika, kwa penseli, jina na tarehe. Mwaka juzi mjomba alileta fundi rangi kuipendezesha nyumba kwa ajili ya harusi, naye akaupitia mwimo wote, kijani kibichi. Tuliweza kuzirudisha alama nne kati ya saba kwa sababu kwenye picha hizo nne futi kamba ilionekana. Piga picha, na futi kamba iwemo.